Tia Mkono Kwanza

Jumapili, 4 Machi

Kwako Sindano, mpwa wangu mwenye mdomo mkali kuliko jina,

Hujambo? Mimi sijambo, na hata ningekuwa na jambo, lingeniogopa. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo ukiona herufi zinatembea upande kama kaa, usicheke. Shule niliiacha darasa la pili kwa hiari yangu. Mwalimu alilia.

Mama yako anasema huko nyumba ya nafuu wamekunyang'anya simu, na anayeruhusiwa kukuona ni yeye tu, Jumapili moja ndiyo, moja hapana. Basi dada yangu amegeuka tarishi. Tarishi mwenyewe ananuna. Nikimuuliza habari zako anaangalia dari, kama vile wewe ni popo.

Pombe, mpwa wangu! Nakufundisha kushona ngozi ngumu kama roho ya mwenye nyumba, halafu unashindwa na chupa? Sijakasirika. Nashangaa tu kwamba miaka yote tumekaa kigoda kwa kigoda kwenye kibanda kile na sijawahi kukusikia ukinuka. Na pua yangu unaijua. Nikinusa ngozi ya mbuzi nakwambia marehemu alikuwa anakula nini.

Hapa kibandani kigoda chako kipo palepale, anakikalia paka. Fundi cherehani wa jirani anajitia kunisaidia kubandika soli, anapaka gundi kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Wateja wanakuulizia. Nimewaambia umekwenda kozi. Si uongo, ni kozi.

Sukari yangu ipo, inakula na kulala bure kama shemeji. Nesi wa kliniki anataka kila asubuhi nikague nyayo, kidole kwa kidole, eti miguu ya mgonjwa wa sukari inakufa ganzi. Nikamwambia, binti, miguu hii ikikanyaga punje ya mchanga, inaniambia punje imetoka mto gani. Akacheka, akaandika kitu kwenye kadi yangu. Nadhani ni sifa. Angejua mimi ndiye niliyemshonea bwana harusi kiatu huku anatembea kwenda kuoa! Yeye anapiga hatua, mimi napiga magoti, sindano haikukosea hata mara moja. Mlangoni kwa bibi harusi nikakata uzi kwa meno. Watu walipiga vigelegele, wakadhani ni vya harusi.

Nakutumia viatu vipya. Nimevibandika leo hii na kuvifunga kwenye nailoni vikiwa bado vibichi, ili ukifungua ikupige harufu ya kibanda chetu usituone tuko mbali. Ndani ya cha kulia, kule mbele kwenye vidole, nimesokomeza kikopo kidogo cha gundi. Soli ikiachia, ujibandikie. Nimekificha maana wakaguzi wa mizigo huko wanatafuta chupa, hawajui raha za mafundi.

Paka anakusalimu, ila anasema kigoda hatoi.

Mimi mjomba wako,
Fundi wa Mafundi


Jumapili, 18 Machi

Shikamoo Mjomba,

Viatu nimevipata. Asante. Vinanitosha.

Hapa tunaamka mapema, tunafagia, tunapika, tunakaa kwenye duara tunaongea. Mwenye nyumba tunamwita Mlezi. Alikuwa dereva wa malori, alikunywa mpaka akauza tairi la gari ambalo si lake. Sasa hata soda anainusa kwanza. Yeye hapendi maswali ya mwezi ujao. Ukimuuliza utatoka lini, anakuuliza wewe mchana umekula? Kwa hiyo na wewe usiniulize. Najua leo nakaa. Kesho ikifika nitaamka nione.

Nalala chumba kimoja na mwalimu mstaafu wa kike. Anakoroma kwa mpangilio, mstari, nukta, mstari. Wiki mbili hizi nimehamia barazani. Joto.

Mjomba, usinitumie kitu kingine. Chochote. Hata kikiwa kidogo.

Nesi hakuandika sifa kwenye kadi yako. Kagua nyayo.

Mpwa wako,
Sindano


Jumapili, 1 Aprili

Kwako Sindano uliyetia kutu,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali uliposifu viatu. "Vinanitosha." Hata gunia linatosha! Mimi niliyewavalisha majaji wawili na mwizi wao mmoja, naambiwa vinatosha.

Haya. Mpe mama yako hivyo viatu Jumapili ijayo ya kuonana, avirudishe nivitazame. Ngozi mpya hukaa sawa baada ya kuvaliwa, nitavikaza. Na nataka kuzisoma soli. Wenzangu walisoma vitabu, mimi nasoma soli. Soli ndiyo iliyoniambia kuwa mkwe wa fundi cherehani ana mke wa pili, maana upande mmoja ulilika na kokoto za mtaa asiokaa. Nikitazama soli zako nitajua unatembeaje huko, una raha au huna.

Na usidhani fundi amezeeka. Kiatu hakitoki kibandani mpaka nitie mkono ndani, nipapase hadi ncha, nihakikishe hakuna msumari uliochungulia. Tangu nianze kazi hajatokea mteja wangu aliyechomwa. Hilo waulize hata wanaonichukia.

Shida yangu hapa ni panya. Amefia ndani ya kibanda, mahali fulani, ananuka hadi wateja wanasimama nje kama wanadai. Nimetoa ngozi zote, nimeinua meza, nimemlaumu paka mbele za watu. Simpati. Cha ajabu, nikienda nyumbani kama vile ananifuata. Harufu ikishaingia kwenye nguo ndivyo ilivyo.

Nyayo zipo, mbili, nimezihesabu.

Mjomba wako,
Fundi wa Mafundi


Jumapili, 15 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Viatu hivyo hapo kwa Mama. Nimevivaa sana kama unavyoona.

Panya umempata?

Mlezi ameniruhusu kufanya kazi ya mikono. Nashona makubazi kwa uzi wa nta, kushona tu, bila kubandika. Mwalimu mstaafu ananitia nta kwenye uzi na kunisahihisha Kiswahili. Mikono ikiwa na kazi mchana unapita. Mikono ikiwa haina kazi, Mjomba, mchana ni mrefu kama foleni ya kliniki yako.

Nataka nikushonee viatu. Vya kushona vyote, soli mpaka juu. Nitumie ramani ya miguu yako, miguu yote miwili, umesimama, uzito sawa, kalamu wima, kama ulivyonifundisha. Usikae kwenye kigoda ukachora kivivu.

Mpwa wako,
Sindano


Jumapili, 13 Mei

Kwako Sindano,

Mara ya mwisho mama yako alikuja mikono mitupu kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi. Kama mwandiko umelala leo, ni meza imelegea mguu.

Panya nilimpata. Tumemtoa. Yameisha.

Sasa tuongee mimi na wewe. Wewe unamfanya nani mtoto? Hizi soli umezisugua kwenye saruji! Tena umesugua kwa kukaa, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mama anayefua kola. Tangu utoto unatembea kwa ukingo wa nje, kama bata anayeogopa kulowa. Kiatu chako chochote mimi nakijua gizani. Hiki hakijavaliwa hata kwenda chooni. Na kile kikopo hakimo.

Kwa hiyo nauliza, na jibu nalitaka. Mtu aliyeletewa viatu na mjomba wake asivivae, halafu akae chini avisugue ili nimwone anatembea, huyo anatembea kwenda wapi? Umerudia chupa? Kama umerudia niambie. Sitakupiga, umenizidi mbio.

Ramani ya mguu hiyo hapo. Nimechora wa kushoto. Wa kulia fuata huohuo, geuza karatasi.

Mjomba wako


Jumapili, 13 Mei, Mama anasubiri langoni

Mjomba,

Shikamoo. Geuza karatasi?

Nani aliyemfukuza yule karani mpaka barabarani kwa sababu alileta kipimo cha mguu mmoja? Ulimwambia nini, mtaa mzima ukasikia? Kwamba mguu wa kulia na wa kushoto ni ndugu tu, si mapacha, na fundi anayegeuza karatasi akashone mito ya makochi. Nilikuwa nimekaa pale na msharasi wa kutobolea ngozi mkononi. Sasa wewe unaniambia mimi nigeuze karatasi.

Na ramani yenyewe umechora ukiwa umelala. Kisigino hakina uzito, kinaelea. Mimi pia nasoma, Mjomba. Ulinifundisha wewe.

Mguu wa kulia uko wapi?

Nimemuuliza Mama, ameangalia dari.

Basi naanza mimi. Sijawahi kunywa pombe. Mama aliwaambieni pombe kwa sababu pombe watu wanaielewa. Mimi ni gundi. Ile ile ya kopo la njano. Ilianza siku za mvua tulipokuwa tunafunga madirisha, kichwa kikawa chepesi nikaona vizuri. Baadaye ulipokwenda kula mimi nilibaki, nikasema nalinda kibanda. Hukuniona kwa sababu kibanda kizima kinanuka gundi, na pua yako hiyo unayojisifia haisikii gundi tangu sijazaliwa.

Nilifungua nailoni yako nikiwa peke yangu. Mlezi alinikuta nimekaa sakafuni, uso ndani ya kiatu, kama punda kwenye ndoo ya pumba. Kikopo kilikuwa kitupu. Nilitapika, nikalia, nikalala barazani maana chumba kilinuka. Halikuwa joto. Kisha nikasema mbele ya duara, wote wakisikia, na nikaanza upya. Hakuna aliyecheka. Mwalimu mstaafu tu aliuliza hivyo viatu ni saizi gani.

Sikulaumu. Hukujua. Lakini ndiyo maana sijui kama nitarudi kukaa kwenye kile kigoda. Nikifikiria mlango wa kibanda, mate yanajaa mdomoni.

Sasa zamu yako. Mama akija Jumapili yetu ijayo bila ramani ya mguu wa kulia, naondoka naye nije nione mwenyewe. Mlezi amesema wanaotoka katikati kwa sababu nzuri ndio anaowapokea tena wakiwa wameharibika zaidi. Amesema, lango halina kufuli. Najua. Nimelitazama sana.

Sindano


Jumapili, 13 Mei, jioni

Kwa kaka yangu, na nakala nimempa Mlezi ampe binti yangu.

Huyu ananiambia usimwambie yule. Yule ananiambia usimwambie huyu. Nimebeba siri zenu kwenda na kurudi kama mwanamke anayebeba kuku wawili wanaopigana kapu moja. Dari za nyumba zenu zote nimezikariri, nazijua mpaka utando wa buibui.

Kaka, mwambie. Binti yangu, kaa hapo ulipo.

Mimi sibebi tena kitu nisichokisoma.

Mama


Jumapili, 27 Mei

Kwako Sindano,

Mama yako amesimama nyuma ya bega langu anasoma. Anapumua.

Panya alikuwa mimi.

Nilikipigia kiatu changu msumari mmoja kisiginoni, na mwingine mbele karibu na kidole kidogo. Ule wa mbele ulitokeza ndani. Nikavaa. Nikautembelea, sijui siku ngapi, nikienda kliniki, nikirudi, nikicheza hata ngoma kidogo mbele ya fundi cherehani kumwonyesha. Sikusikia kitu. Mguu unaojua punje imetoka mto gani!

Fundi cherehani ndiye aliyeona soksi imelowa usaha. Alinibeba mgongoni mpaka kliniki, na mimi nikimsimanga njia nzima kwamba anabeba kama anavyobandika. Nesi hakunigombeza. Aliomba kiatu. Akatia mkono ndani, akapapasa hadi ncha, akautoa na damu kwenye kidole chake yeye. Akaniuliza, "Fundi, viatu vya wateja huwa unavitia mkono?" Nikasema kila kimoja. "Na chako?"

Wewe unanijua. Mimi sijawahi kukosa jibu. Siku hiyo nilitazama dari, nadhani ni ugonjwa wa ukoo wetu.

Wamekata vidole viwili, kidogo na jirani yake. Daktari aliyekata alikuwa amevaa viatu vya soli mbovu, nikamwambia kabla sijalala nusu kaputi, akasema ataleta. Kaleta. Kwa hiyo usiseme nimetoka pale bila mteja.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utakimbia uje. Nilimwapisha mama yako. Nikajisemea, huyu akija kunishika mkono, nani atamshika yeye? Sasa unaniambia kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekutumia ugonjwa kwenye nailoni na kamba nikafunga. Ile gundi ilikuwa inapungua kwenye kopo na mimi namtukana muuzaji, nalitukana jua. Miaka yote hiyo, kigoda kwa kigoda. Mguu wangu haukusikia msumari na pua yangu haikukusikia wewe. Sina mzaha wa kuweka hapa. Nimeutafuta.

Usije. Nakuomba, na mimi kuomba unajua sikuzoea. Siku zangu sasa ziko hivi: asubuhi napima sukari kidoleni, najichoma sindano, nesi anabadili bandeji, nakula kidogo, nalala. Usiku sipendi kuufikiria, wala mwaka kesho. Daktari amesema mguu uliobaki unategemea navyoutunza. Nikauliza kwa muda gani? Akasema, kila siku. Nikamwambia wewe umesomea wapi, kwa yule Mlezi wa mpwa wangu?

Ramani ya mguu wa kulia hiyo hapo. Nimesimama. Fundi cherehani alinishika kiunoni, mama yako alishika kalamu wima. Pale mbele pembeni palipobonyea, usidhani kalamu iliteleza. Ndivyo ulivyo. Chora hivyohivyo.

Mjomba wako


Jumapili, 24 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nilikaa. Mama akatokea na ile karatasi, nikaitazama, nikamwambia aende zake kabla sijaanza kulia mbele ya wageni wa watu.

Viatu ni hivyo. Uzi wa nta, mshono mara mbili. Hakuna msumari hata mmoja, hakuna gundi, unaweza kuvinusa. Cha kulia nimekijaza sufi pale pembeni ili mguu usielee, na ndani nimetia ngozi laini ya rangi nyeupe. Nyeupe kwa makusudi, Mjomba. Doa likitokea, mguu usiposema, ngozi itasema. Mwalimu mstaafu ndiye aliyefikiria hilo, mimi ningetia kahawia.

Kila asubuhi, tia mkono kwanza. Kabla ya mguu. Usiniambie unaona kwa macho. Tia mkono hadi ncha.

Na mimi nina wangu. Asubuhi nikiamka, kabla sijasimama, najipapasa kichwani: jana nilitaka nini, leo nataka nini, kuna kitu kimechungulia? Kuna siku kipo. Nakwenda kumwambia Mlezi kabla sijapiga mswaki. Kuna siku hamna, nakwenda kufagia. Arosto, ile kiu ya gundi, haijaisha. Juzi mtu alipaka rangi ukuta wa jirani nikakaa jikoni mchana wote na mwalimu, nikimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Jioni ikafika.

Kuhusu kibanda sijui. Usinisubiri na usikiuze kigoda.

Mpwa wako,
Sindano


Jumapili, 22 Julai

Kwako Sindano, fundi,

Viatu nimevivaa wiki hizi zote. Sasa sikia kasoro zake, maana ukitaka sifa nenda kwa mama yako. Mshono wa nyuma wa kiatu cha kushoto umekwenda upande, kama mwandiko wangu. Ulimi wa kiatu ni mrefu, unanilamba kifundo. Daktari amevitamani na nimemwambia miguu yake haijafika cheo hicho. Fundi cherehani anasema ni viatu vizuri kuliko vyangu vyote. Tumegombana.

Makopo ya gundi nimeyatoa. Yote, hata lile la akiba chini ya meza. Yamekwenda kwa seremala wa kule mwisho wa barabara. Meza nimeisugua kwa majivu na sabuni, ngozi zilizoshika harufu nimezianika, madirisha nimeyang'oa, yaani yale mabao yenyewe, nikabaki na matundu. Anayetaka soli ya kubandika aende kwingine. Hapa ni kushona. Nashona polepole, nikiwa nimeinua mguu kwenye kigoda changu, na wateja wengine wamenikimbia kwa sababu wana haraka. Waende. Kabla hawajazaliwa watu walikuwa wanashona, na walifika walikokuwa wanakwenda.

Pua yangu siiamini tena. Kwa hiyo nimemwita nesi, nikamkalisha katikati ya kibanda, nikamwambia avute pumzi kwa nguvu zake zote. Akasema anasikia ngozi, nta na paka. Mimi nakupa habari tu. Sijakwambia urudi.

Asubuhi natia mkono. Mwanzo niliona aibu, mzee mzima kupapasa kiatu chake kama mlevi anayetafuta ufunguo. Sasa nimezoea. Juzi nilikuta kokoto. Ndogo, ya kuchekesha, imeingia nikiwa nakwenda dukani, na mguu haukuniambia kitu. Nilikaa kitandani nimeishika kokoto ile mpaka chai ikapoa. Kisha nikaitupa nje, nikatia mkono tena, nikavaa.

Leo hamna kitu.

Mama yako anakuletea kiatu cha kulia, kimoja, akirudishe leo hiihii jioni. Mimi nimekaa kitandani nakisubiri, sitembei bila kiatu, nesi ameniapisha. Soma soli uone navyotembea. Sijaisugua kwenye saruji.

Cha kushoto nimebaki nacho. Mguu huo geuza karatasi.

Mjomba wako,
Fundi